Mgane Mtarajiwa

Shemeji yangu simpendi, na yeye anajua. Nalisema mapema ili mtu asije akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza mbona nina chuki. Chuki ninayo. Nimeifuga miaka yote hii, imenona, na sina mpango wa kuichinja.

Ni mume wa mdogo wangu, fundi makochi. Karakana yake na saluni yangu zimetenganishwa na duka moja tu la kuuza betri, kwa hiyo hata ningetaka kutomsikia nisingeweza. Mimi nasuka, yeye anaongea. Mteja wangu akiinamisha kichwa nimpige mistari, kichwa kiko kwangu lakini masikio yote mawili yako kule kwa fundi. Si mlevi, hapigi mke, hana michepuko. Watu wakitaka kumsifia hutaja hayo matatu, halafu wanakwama, wanaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Kazi anaijua, nisimsingizie. Akishakaa chini akavuta mikanda, akapanga springi, akabana sponji mpaka kona zikajaa, kochi lake utalirithisha wajukuu. Tatizo ni hapo kwenye "akishakaa chini". Hakai chini! Anapokea kazi, anakuahidi Jumamosi, na hiyo Jumamosi yake haimo kwenye kalenda ya binadamu. Ukimfuata ana sababu. Sponji haijafika. Umeme umekatika. Bunduki ya pini imekwama. Shangazi yake amefariki. Huyo shangazi, kwa ninavyojua mimi, alishafariki mara mbili, na baada ya hapo nikakutana naye sokoni anachagua vitunguu, mzima wa afya, nikamwamkia kwa adabu zote.

Vitambaa vya hayo makochi anashona mdogo wangu. Cherehani yake iko chumba cha mbele pale nyumbani kwao, karibu na dirisha. Anapima, anakata, anaunga, anatia zipu, anakunja, anapanga. Yeye hachelewi. Wakati wowote ukiingia pale utakuta foronya za makochi ya watu zimepangwa juu ya kabati zikimsubiri bwana mkubwa apate nafasi. Lakini mteja akisifia mshono, shemeji anajibu, "Ah, nimejitahidi." Amejitahidi! Hata kutunga uzi kwenye sindano hajui.

Basi asubuhi moja, hata sijafagia, mdogo wangu akaingia saluni, akafunga mlango kwa ndani, akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

"Dada, shika hapa."

Nikashika. Titi la kushoto, juu, kuelekea kwapani. Palikuwa na kitu cha mviringo, ukubwa wa zabibu, kinateleza chini ya kidole.

"Kinauma?"

"Kinauma nikikaribia siku zangu. Nikimaliza kinatulia. Lakini hakiondoki, dada. Nimekingojea kiondoke, hakiondoki."

Mikono yake ilikuwa ya baridi. Sikumwambia neno la kijinga. Nilining'iniza kibao cha "Nimefunga", tukaenda kliniki pale pale. Tabibu alimgusagusa, akasema vingi vya namna hiyo si vibaya, ila kidole si kipimo, aende hospitali kubwa akapigwe picha ya ultrasaundi. Hospitali kubwa mashine ilikuwa kwenye matengenezo. Akapewa tarehe ya mbali, zaidi ya mwezi mzima. Tukarudi, yeye roho mkononi, mimi najifanya jasiri.

Jioni akamwambia mumewe. Mke atamwambia nani mwingine? Alimwambia wakiwa mezani, polepole, akachagua maneno asimtishe.

Shemeji akauliza swali moja tu. "Ni kansa?"

"Hawajui bado. Mpaka wapime."

"Basi ni kansa," akasema. Akavaa viatu, akatoka. Hakumaliza hata chakula. Kesho yake nilipofungua saluni, mteja wa kwanza alinipa pole, na wa pili akaniuliza kama daktari amesema mgonjwa ana muda gani.

Sasa, siku hiyo hiyo alikuwa anakuja mwalimu mkuu mmoja mstaafu, ambaye seti yake ya viti ilikuwa imekaa pale karakana tangu mvua zile hadi mvua hizi. Alishapigwa kalenda mpaka akachoka. Nilimwona anakuja na fimbo yake, shingo imesimama, nikajisemea moyoni, leo ndiyo leo. Nikamwacha mteja na nywele nusu kichwa, nikasogea mlangoni. Starehe zangu ni chache.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya robota la sponji, ndevu hazijanyolewa, mikono katikati ya magoti. Hakunyanyuka. Alisema tu, "Mwalimu... mke wangu..." Akatikisa kichwa.

Mwalimu akashusha fimbo. Akamuuliza vipi, akaambiwa. Yule mzee wa watu, aliyekuja kuwaka moto, akakaa juu ya fremu tupu ya kiti chake mwenyewe, misumari ikimchoma, akaanza kuomba radhi. "Usijali kabisa, mwanangu. Viti ni nini? Viti si kitu. Muuguze mama."

Hapo ndipo nilipomwona shemeji usoni. Mwalimu alikuwa ameinama, hakuona, mimi niliona. Alikuwa kama mtu aliyepekua nyumba nzima akitafuta ufunguo, kumbe uko mfukoni. Umri wote huo anatafuta sababu ambayo hakuna mteja atakayethubutu kuipinga. Mke wake akampa.

Kuanzia siku hiyo, jamani, mtu akageuka. Ndevu akaziachia. Shati moja, lile la kijivu, kila siku. Sauti ikashuka mpaka ikawa ya chini kama ya mtu anayeongea benki. Ukimsalimia anashusha pumzi kwanza. "Habari za nyumbani?" "Tunamwachia Mungu." Alimjibu hivyo hata kijana wa watu aliyekuja kuuliza bei ya sponji. Na makochi yalirundikana! Hakugusa hata nyundo. Watu walikuja kudai, wakaondoka wakimpa pole na kumletea matunda, na matunda yale akayala yeye.

Wateja wangu ndio waliompa jina. Mmoja aliuliza, mwanamke akifiwa na mume ni mjane, je, mwanaume akifiwa na mke? Mwingine akajibu ni mgane. "Basi yule pale," akasema wa kwanza, "ni Mgane Mtarajiwa." Tulicheka mpaka nikaharibu mstari. Lakini nilipomaliza kucheka nikakumbuka kwamba mke anayesubiriwa afe alikuwa mdogo wangu, na muda huo huo alikuwa kakaa kwenye cherehani anatia zipu kwenye foronya za mteja mwingine.

Na elimu aliyokuwa akiitoa! Alikuwa hajui hata titi lina nini ndani, lakini alishakuwa profesa. "Uvimbe wowote ukishaingia kwenye titi, huo ni kansa inayosubiri zamu," aliwaambia watu, anahesabia kwenye vidole. "Wengine wataambiwa ni maji. Maji! Leo maji, kesho kansa. Ni njia moja." Nani alimwambia? Hakuambiwa na mtu. Ilimjia tu, kama inavyowajia watu wa aina yake, akaisema kwa uhakika, na wanawake wazima na akili zao wakarudi nyumbani wakijibana matiti kwa hofu. Mteja wangu mmoja, aliyetolewa maji kwenye titi zamani kabla hajazaa, hakulala kwa sababu ya mpumbavu yule.

Nyumbani wageni walianza kumiminika. Walikuja kumpa pole yeye. Sikosei kusema: yeye. "Pole, fundi. Unakula kweli?" "Hakipiti." "Unalala?" "Usingizi nitautoa wapi?" Alikuwa anakoroma mpaka ukuta unaitika. Na mwenye titi lake alikuwa jikoni anachemsha chai ya hao wageni, anaileta, anaweka, wageni wanakwepa kumtazama kana kwamba atawaambukiza. Hakuna aliyemuuliza anakulaje wala analalaje. Aliniambia mwenyewe, "Dada, wananipita kama kabati."

Kisha shemeji akampigia binti yao simu. Binti ameolewa mbali, ana mtoto mchanga. Unajua alimwambia nini? "Mwanangu, njoo umuage mama yako." Hata kipimo hakijafanyika! Binti wa watu akapanda basi kutwa nzima na mtoto mgongoni, analia njia nzima, abiria wanamshikia mtoto. Alipofika alimkuta mama yake barazani anachambua vifungo. Walikumbatiana, wakalia, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimbembeleza mwenzake. Alikaa naye siku chache, akamrudisha kwa mumewe kwa amri.

Wifi yake naye akaja, dada yake shemeji, mwanamke mwenye macho ya kupima vitu. Alikaa, akanywa chai, akazungusha macho jikoni, kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Wifi, Mungu akipitisha lake, ile sufuria kubwa itakuwaje?"

"Ichukue leo, wifi," mdogo wangu akamjibu, "uanze kuizoea."

Akaichukua! Lahaula! Aliiinua, akaweka kichwani, akaaga.

Mimi sikunyamaza, usinidhanie. Nilimfuata shemeji karakana, nikamkuta amejilaza kwenye kochi la mteja.

"Shemeji, mkeo hajapimwa."

"Shemeji," akanijibu kwa ile sauti yake ya msibani, "wewe ni mwanamke, lazima utumaini. Mimi ni mwanaume, lazima nijiandae."

"Ujiandae kwa nini?"

"Kwa lolote."

"Basi jiandae kuutoa mwili wako kwenye kochi la watu. Na ukipata nguvu, mpe mkeo hata glasi ya maji."

Akanigeuzia uso ukutani. Nilitoka. Ningekuwa na maji ya moto mkononi siku ile, sijui.

Siku ya kipimo ilipofika, mdogo wangu alivaa gauni lake la bluu, akapaka mafuta, akakaa kitandani akimsubiri mumewe wafuatane. Shemeji akasema hawezi. Moyo wake si wa kuhimili. Hospitali zinamtia kizunguzungu. Akasema yeye atabaki nyumbani "kupokea habari". Sikuelewa maana yake hadi tuliporudi. Nikamshika mdogo wangu mkono, tukaenda wawili.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, kina pazia la kijani na kitanda chembamba. Daktari, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alimpaka jeli, mdogo wangu akaruka kwa ubaridi wake, daktari akacheka kidogo akasema samahani. Akaanza kuteleza na kile kifaa chake. Mimi nilisimama kichwani. Skrini ilikuwa kijivu, kama ukungu, halafu pakatokea duara jeusi.

Mdogo wangu alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

"Unaona hapa peusi?" daktari akasema. "Peusi tii hivi, ukingo mwembamba, ndani hamna kitu, ni maji. Ni kifuko cha maji. Na hapa kuna kingine kidogo, hicho hata hukukigusa." Akauliza kama kati ya mama yetu, mimi dada yake na shangazi zetu kuna aliyepata saratani ya titi. Hakuna. Akasema kile kikubwa, kwa kuwa kinamuuma, anaweza kukinyonya kwa sindano. Akafanya hivyo. Yakaja maji rangi ya chai iliyopauka, robo ya kikombe haikufika. Mdogo wangu akajigusa. Hapakuwa na kitu. Akajigusa tena na tena, kama mtu anayetafuta pochi.

Kisha akauliza lile lililokuwa likimla. "Daktari, haya maji, baadaye ndiyo yanageuka kansa?"

"Nani kakuambia?"

Hatukumtaja. Tungemtaja kwa cheo gani?

"Kifuko cha maji matupu kama hiki hakigeuki kansa," daktari akasema. "Na kuwa nacho hakukuongezei hatari ya kuipata. Hatari yako ni ile ile ya mwanamke mwingine yeyote wa umri wako. Kuna vingine vinakuwa na ukuta mnene, au kinyama ndani, au maji yake yana damu. Hivyo hatuviachi, tunachukua kipande tukipime. Chako si hivyo." Alivua glavu. "Lakini nisikilize vizuri. Hivi vinaweza kurudi, vinaweza kuota vingine. Siku ukigusa kipya, usijiambie ni maji tu kama yale. Kwa kidole huwezi kujua. Hata mimi kwa kidole sijui. Njoo tukiangalie."

Yameisha. Elimu yote ndiyo hiyo. Ilichukua muda mfupi kuliko shemeji anavyochukua kushusha pumzi moja.

Mdogo wangu alilia kwenye korido, akaegemea ukuta, watu wanapita. Kisha akaanza kucheka, kisha akasema ana njaa, na kweli alikula siku ile kama mtu aliyetoka kifungoni. Alipomaliza akafuta mdomo, akaniambia jambo ambalo nusura linitoe machozi ya hasira.

"Twende haraka, dada. Nataka nimwambie mwenyewe. Nimuone atakavyofurahi."

"Nani?"

"Usiwe hivyo. Pengine ndivyo anavyoogopa. Kila mtu na namna yake ya kuogopa. Na yeye kateseka."

Nikauma ulimi. Nilijua kitu kimoja tu: mdogo wangu alikuwa amepata majibu ya titi, sasa alikuwa anakwenda kuchukua majibu ya ndoa, na hayo ndiyo niliyokuwa nayaogopa mimi.

Tulipokaribia nyumbani tukaona viatu mlangoni, pea kwa pea. Nyumba imejaa. Hiyo ndiyo "kupokea habari" yenyewe! Alialika watu waje wamshikilie. Mwalimu mstaafu yuko, wifi yuko, wateja wako, wenye makochi yao yote. Cherehani ya mdogo wangu ilikuwa imesukumwa koridoni ili viti vienee, na zile foronya zimetupwa juu yake bila kukunjwa. Tulipoingia, watu wakainamisha vichwa. Shemeji alikuwa katikati, mto mgongoni.

Mdogo wangu aliwaamkia wote, akamwita mumewe chumbani. Mimi nikafuata, kwa sababu hakuwa ameachia mkono wangu.

"Mume wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa inaruka kama ya msichana, "ni maji. Maji matupu. Wameyatoa. Daktari kasema si kansa, na haitageuka kansa. Mimi ni mzima!"

Nilimtazama shemeji. Nilitaka kukosea. Haki ya Mungu, siku ile nilitaka kuwa mwanamke mwenye chuki isiyo na sababu.

Uso ulimshuka. Taratibu, kuanzia juu: macho, mashavu, mdomo. Alikaa kitandani kama aliyeambiwa ameachishwa kazi.

"Wana hakika?"

"Wana hakika."

"Hata kidogo? Hamna hata... dalili?"

"Hamna."

Akajikuna zile ndevu. Kwa mbali watu walikuwa wakinong'ona sebuleni. Mdogo wangu alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyetoa zawadi na anangoja ifunguliwe.

"Sasa," shemeji akasema, "watu tutawaambia nini?"

"Tutawaambia mimi mzima."

"Hapana, ngoja. Ngoja kwanza, mke wangu." Akashusha sauti, akamshika mkono, mara ya kwanza tangu siku ile ya mezani. "Usiwaambie leo. Nipe wiki mbili tatu tu. Ngoja nimalize viti vya mwalimu."

Nilimtazama mdogo wangu. Lile tabasamu lilibaki pale usoni kitambo kidogo, halina mwenyewe, halafu likaondoka. Akautoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe. Hakuuvuta kwa nguvu.

Akatoka. Akapita katikati ya watu mpaka koridoni, akazikunja zile foronya moja moja, watu wote wanamtazama, akaziweka kifuani, akarudi nazo sebuleni.

"Jamani, asanteni kwa kuja," akasema. "Nimepimwa leo. Si kansa. Ni kifuko cha maji, kimetolewa, na daktari anasema kifuko cha namna ile hakigeuki kansa. Na wanawake mliotishwa hapa mtaani, mwenye uvimbe aende akapimwe, asisikilize stori za karakana. Mwalimu, foronya zako hizi hapa. Nilizimaliza zamani, kabla hata sijakigusa hicho kivimbe."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadakia, wakamrukia, wakamkumbatia, na kwa mara ya kwanza mwenye titi lake akaulizwa hali yake. Mwalimu alisimama na foronya zake mkononi, machozi yanamlenga. Alikuwa amefurahi kweli, yule mzee. Alimshika mdogo wangu kichwani, akamshukuru Mungu. Kisha akamgeukia shemeji, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Na fremu, fundi?" akauliza kwa upole mkubwa. "Fremu nayo ilikuwa inaumwa?"

Nyumba ililipuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliaga mapema, na jioni ile ile nilikwenda kwake mwenyewe kuifuata sufuria.

Watu husubiri nimalizie kwa kusema waliachana. Hawakuachana. Ndoa nyingi hazivunjiki, zinabaki zimesimama tu na watu wanaingia na kutoka. Shemeji alinyoa. Viti vya mwalimu vilikamilika ndani ya siku chache, kwa aibu, na vilikuwa vizuri. Kwa muda alijaribu kuokoteza heshima, anawaambia wateja kwamba "bado tunaangalia", kwamba "haya maji nayo si ya kuamini", lakini hakuna aliyeshusha fimbo tena. Mdogo wangu aliacha kumshonea. Anashona sare za shule sasa, kwa jina lake, na shemeji anapeleka vitambaa vyake kwa fundi mwingine mbali kule, anavisubiri, navyo vinachelewa. Nyumbani mdogo wangu anampikia, anamwamkia, anamjibu akiulizwa.

Mwaka uliofuata akashika kivimbe kingine. Titi la kulia. Hiki hakikuteleza sana. Alikuja saluni vilevile, akafunga mlango vilevile, lakini safari hii hakulia, alisema tu, "Twende." Yule yule mama wa miwani akatazama skrini kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kulikuwa na maji, lakini ndani yake kulikuwa na kinyama kimeshikilia ukutani. Akatuambia wazi kwamba hiki hawezi kukipitisha kwa macho, akachukua kipande, akasema tungoje majibu.

Tulingoja. Siku zile zote mdogo wangu alishona, akapika, akamwekea mumewe chakula mezani, akakaa mkabala naye akamsikiliza anavyolalamika kuhusu bei ya gundi. Bandeji iko chini ya blauzi. Mimi nilikuwa nikisuka watu ovyo ovyo, natamani kumwaga kila kitu mtaani, lakini aliniapisha. Mtu anayelala naye kitanda kimoja hakujua kitu.

Majibu yakatoka. Si saratani. Hakuna chembe mbaya, hakuna chembe hata ya kutiliwa shaka, ila arudi baada ya miezi sita wamtazame tena. Tulikaa kwenye benchi la nje, tumeshikana kama watoto. Jua lilikuwa linawaka vizuri. Nilipopata pumzi, sijui kwa nini, labda furaha inalainisha hata watu kama mimi, nikatoa simu.

"Tumwambie mumeo?"

Mdogo wangu alikuwa anafunga kifungo cha juu cha blauzi. Hakunitazama.

"Tumwambie nini, dada? Kwamba mimi mzima? Hiyo habari nilishampa mara moja, nikaona alivyoipokea."